Kwa nini kilomita 40 zinatosha kwa farasi wa Voi

ABIRIA anayetoka Voi kwenda Mombasa kwa basi husafiri takriban kilomita 160, na aghalabu hushuka akinyoosha kiuno na kulalamikia malori ya barabarani. Umbali uo huo ndio anaotakiwa kuukamilisha kwa siku moja mpanda farasi wa ngazi ya juu kabisa katika mchezo wa safari ndefu za farasi. Farasi ni mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Habadilishwi njiani, na akishindwa kuendelea safari huishia hapo.

Ni sifa inayostahili kutajwa. Hata hivyo, katika nchi ambako mchezo huu umekita mizizi, wapandaji wengi hawauendei umbali huo na wala hawaoni haja ya kuuendea. Huchagua kilomita 25, 30 au 40, wakaondoka alfajiri na kurejea kabla ya jua la utosi, mnyama akiwa bado na hamu ya kula nyasi zake. Kwa muda mrefu uchaguzi huo ulidhaniwa kuwa wa wanagenzi na waoga. Dhana hiyo haina msingi, na hakuna mahali inapokosa msingi zaidi kuliko katika nchi ya joto, vumbi na uhaba wa maji kama tambarare za Taita Taveta.

Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hiyo imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Inayosalia imegawanyika kati ya milima ya Taita na Sagala, mashamba makubwa ya mkonge na ranchi za mifugo, ambazo baadhi yake zimegeuzwa kuwa hifadhi za wanyamapori, mathalani ile ya jamii ya Lumo. Utalii wa huko ni wa gari. Mgeni humwona ndovu kupitia dirishani, akapiga picha, akaenda zake. Aliye juu ya farasi huona tofauti, kwani pundamilia na twiga mara nyingi humvumilia farasi aliyepandwa kwa umbali mdogo kuliko wanavyomvumilia mtu wa miguu. Katika miteremko ya Chyulu, inayopakana na Tsavo Magharibi, watalii wamekuwa wakipandishwa farasi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo si ajabu kuuliza farasi anaweza kwenda umbali gani katika nchi ya namna hii bila kuumia.

Kwanza ni vyema kuueleza mchezo wenyewe, maana Wakenya wengi wanapolisikia neno farasi hufikiria uwanja wa Ngong, ambako mbio humalizika kwa dakika chache na watu wakarudi kuhesabu walichopoteza. Safari ndefu ni jambo jingine kabisa. Kwa sura yake ya kisasa ilianza mwaka wa 1955 katika jimbo la California, Marekani, pale Wendell Robie na wenzake walipovuka milima ya Sierra Nevada hadi mji wa Auburn, umbali wa maili 100, ili kuthibitisha kuwa farasi wa zama hizo bado aliweza kuumaliza mwendo huo katika muda wa saa 24. Kutokana na safari hiyo yalizaliwa mashindano yajulikanayo kama Tevis Cup. Waaustralia walianzisha yao, ya Tom Quilty, mwaka wa 1966.

Kinachoutenganisha mchezo huu na mbio nyingine ni daktari wa mifugo. Njia hukatwa katika vipande vya kilomita 20 hadi 40, na mwishoni mwa kila kipande farasi husimamishwa na kupimwa. Mapigo ya moyo wake, ambayo akiwa ametulia huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika, hupanda sana anapokimbia. Katika mashindano ya kimataifa yanapaswa kushuka hadi 64 au chini ya hapo katika muda uliowekwa, la sivyo huondolewa. Ufizi hubonyezwa kwa kidole, na weupe unaobaki unatakiwa kurejea wekundu kwa muda usiozidi sekunde mbili. Ngozi ya shingo hufinywa ili kuona kama mwili umekauka maji. Tumbo husikilizwa, kwa sababu tumbo la farasi lililonyamaza ni ishara mbaya. Mwisho huongozwa kwa kamba akikimbia kidogo, ili ionekane kama anachechemea.

Anayeshindwa kupita hatua yoyote kati ya hizo amemaliza kazi yake siku hiyo, hata kama alikuwa anaongoza kwa nusu saa. Ndiyo maana chama cha wapandaji wa safari ndefu cha Marekani, AERC, kilichoasisiwa mwaka wa 1972, kilijichagulia kauli isemayo kuwa kumaliza ndiko kushinda.

Kiswahili, ambacho watu hudai hakina maneno ya mambo haya, kina msamiati wake wa mwendo wa farasi na punda ambao pwani imeuhifadhi tangu kale. Kuna mwendo wa hatua za kawaida, ambao ni kilomita sita hivi kwa saa. Kuna telki, yaani hatua za haraka ambazo mzee wa Lamu aliyeketi juu ya punda huzipenda kwa kuwa hazimtikisi. Kuna matiti, yaani kukimbia kidogo kidogo, ambapo farasi hufikia kilomita 12 au zaidi kwa saa. Halafu kuna shoti, ambayo ni mbio zenyewe. Safari ndefu, ikifanywa kwa busara, ni kazi ya telki na matiti. Shoti ni ya pale njia inaporuhusu, na kwa muda mfupi.

Safari fupi zina kanuni zake, nazo hazikuwekwa kwa kuwaonea huruma wanaoanza. Chini ya AERC, safari ya kilomita 40 hadi 56 huhesabiwa kuwa ya umbali mfupi, na ya kuanzia kilomita 80 ndiyo huitwa ndefu. Jambo la kuvutia ni namna muda unavyohesabiwa. Katika safari fupi, saa ya mshindani haisimami anapovuka mstari wa mwisho. Husimama pale mapigo ya moyo wa farasi wake yanaposhuka hadi 60 kwa dakika. Anayefika kwa shoti, farasi akitweta na kutoa povu, husubiri huku akimmwagia maji na kutazama wenzake waliokuja kwa matiti wakipita mbele yake. Kanuni moja ndogo kama hiyo humfundisha mpandaji adabu kuliko mahubiri ya mwaka mzima.

Uingereza nako kuna safari zisizo na mshindi kabisa, ambazo watu hushiriki kwa ajili ya kufurahia mashamba na misitu. Zipo pia zenye kiwango cha chini na cha juu cha kasi, ambapo anayefika mapema mno hukosa alama kama anayechelewa. Msomaji aliyelelewa katika utamaduni wa kusifu mbio za masafa marefu, na taifa hili lina sababu zote za kuzisifu, anaweza kuuona mpango huo kuwa wa kitoto. Lakini mwanariadha wa Iten anapochoka huamua mwenyewe kupunguza kasi au kutoka barabarani. Farasi hana uamuzi huo. Aliye mgongoni ndiye anayeamua kwa niaba yake, na mara nyingi farasi mwema huendelea kwenda kwa kuwa ameambiwa aende, hadi mwili unapokataa.

Mwili huo hukataa kwa namna ambazo ni muhimu kuzielewa. Misuli ya farasi inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika hugeuka kuwa joto. Mnyama wa kilo 400 au 450 hana njia rahisi ya kulitoa joto hilo ila kwa jasho, na katika hali ya joto kali anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 kwa saa moja. Jasho la binadamu ni maji zaidi kuliko chumvi. La farasi lina chumvi nyingi mno, na hapo ndipo hatari inapojificha. Kwa kuwa anapoteza maji na chumvi kwa pamoja, damu yake haizidi chumvi kwa kiasi cha kumpa kiu. Anaweza kuwa amekauka vibaya na bado akayapuuza maji yaliyo mbele yake. Mpandaji asiyejua hili hudhani kuwa farasi hajachoka kwa sababu hajataka kunywa.

Baada ya hapo hufuata matatizo yenyewe. Utumbo hupunguza kazi na mnyama hupata msokoto wa tumbo, ugonjwa unaoua farasi wengi. Misuli ya mapaja hukaza kama ubao. Wakati mwingine kiwambo cha kupumulia huanza kutikisika kwa mpigo ule ule wa moyo, na ubavu ukaonekana ukirukaruka kama wa mtu mwenye kwikwi. Yote haya yanaweza kutokea katika umbali wowote, lakini uwezekano wake huongezeka kadiri saa zinavyozidi na jua linavyopanda.

Sasa hesabu hiyo ipelekwe Voi. Mji huo uko chini, chini ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana huzidi nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo mikali zaidi. Mvua ni chache, nazo huja kwa misimu miwili isiyotabirika. Mpandaji akiondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa wastani wa kilomita nane kwa saa, akapumzika dakika 40 katikati, atakuwa amemaliza kilomita 40 kabla ya saa sita mchana. Akienda kilomita kumi kwa saa, ataondoa tandiko kabla ya saa tano. Umbali huo ni kama kutoka Voi kuipita Mwatate na kuelekea Bura, njia ambayo milima ya Taita huwa mkono wa kulia muda wote.

Akichagua kilomita 80, mambo hubadilika. Hata akiwa na farasi mwepesi, saa nane za kwenda na mapumziko mawili zitampitisha katika jua la saa sita, saa saba na saa nane, ambapo udongo mwekundu wa Tsavo huwa umeshika moto na hakuna kivuli ila cha mkonge, ambacho si kivuli. Hatakuwa ameongeza umbali tu. Atakuwa ameichukua sehemu mbaya kuliko zote ya siku na kumtwika mnyama wake. Kuhusu kilomita 160, zingemtaka asafiri usiku, na kusafiri usiku kwa farasi katika nchi ya simba wa Tsavo, ambao tangu mwaka wa 1898 hawajapoteza umaarufu wao, ni jambo ambalo halihitaji mjadala mrefu.

Historia ya Taita Taveta yenyewe ina ushahidi wa kutosha kuhusu farasi na umbali. Ushahidi huo uko makaburini.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Wajerumani waliingia Taveta mnamo Agosti 15, 1914. Waingereza nao walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi mwaka uliofuata, ikapitia Mwatate na Maktau. Nyika ile ilijaa askari wa doria waliopanda farasi na baghala, yaani mnyama wa mizigo anayezaliwa na punda na farasi, ambaye wengi huku humwita nyumbu na kumchanganya na yule wa Maasai Mara. Septemba 3, 1915, karibu na Maktau, kikosi kimojawapo cha askari hao kilizidiwa nguvu. Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, alikuwa amejeruhiwa mguuni na akawa anachukuliwa kupelekwa nyuma. Alipoona kuwa waliojeruhiwa vibaya zaidi hawawezi kuondolewa, alisisitiza aachwe pamoja nao, akauawa. Alitunukiwa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa, na amezikwa katika makaburi ya vita ya Voi, ambako wapita njia wengi hawajui kuwa kuna kaburi la namna hiyo.

Februari 12, 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walishindwa katika kilima cha Salaita. Jenerali Jan Smuts alipochukua uongozi mwezi huo aliamua kutokivamia tena kilima hicho uso kwa uso. Usiku wa kuamkia Machi 8 alimtuma Jenerali Jaap van Deventer na kikosi chake cha wapanda farasi kuzunguka kwa upande wa kaskazini, kuvuka mto Lumi hadi sehemu za ziwa Chala. Salaita ikaachwa bila vita vikubwa. Siku chache baadaye, baada ya mapigano makali ya Latema na Reata, njia ya Moshi ikawa wazi.

Hapo farasi walikuwa wametumika ipasavyo: mwendo mfupi, wa usiku, wenye lengo moja. Kilichofuata ni kinyume chake. Mwanzoni mwa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeanza, van Deventer aliongoza kikosi chake kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi, mamia ya kilomita kusini, huku magari ya chakula yakiwa yamekwama topeni nyuma yake. Aliifikia Kondoa katika mwezi huo huo, lakini mamia ya farasi walikuwa wamekufa njiani na askari wengi waliingia mjini kwa miguu, wagonjwa na wenye njaa. Hawakuuliwa na risasi. Waliuliwa na umbali, utelezi, njaa, mbung'o na ugonjwa wa farasi. Kufikia mwisho wa kampeni hiyo ya Afrika Mashariki, makumi ya maelfu ya farasi, baghala, punda na ng'ombe walikuwa wameangamia.

Na wanyama walipokwisha, mizigo haikwisha. Ilihamishiwa vichwani mwa watu. Wapagazi wa Kiafrika wakachukuliwa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu miongoni mwao hawakurudi makwao. Kumbukumbu yao imesalia katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa hivyo suala la farasi atakwenda umbali gani si la starehe ya watu wachache tu. Kuna wakati jibu baya kwa swali hilo liligharimu maisha ya watu ambao hawakuwahi kupanda farasi hata siku moja.

Vilivyowaua wanyama wale havijatoweka. Mbung'o bado wamo katika vichaka vya ukanda wa Tsavo, na wenye ranchi hulijua fika gharama ya kuwakinga ng'ombe dhidi ya nagana. Farasi huathirika na nagana vibaya zaidi. Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na usubi, unaweza kuua hadi tisa kati ya kila farasi kumi wasio na kinga, ilhali pundamilia hubeba virusi vyake bila kuonyesha dalili. Hivyo yule pundamilia anayemfurahisha mtalii kwa kumwacha asogee karibu ndiye pia hifadhi ya kifo cha farasi aliyempanda. Ipo chanjo, na kwa nagana zipo dawa za kukinga na kutibu. Lakini chanjo haiondoi uchovu, na mnyama aliyechoka kupita kiasi hupungukiwa na nguvu ya kupambana na maradhi. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea umbali mfupi: farasi wa Voi huwa tayari ana mzigo ambao farasi wa Uingereza hana.

Usubi nao una saa zake. Hupenda magharibi, usiku na alfajiri, hasa karibu na maji yaliyotuama. Farasi anapaswa kulala ndani ya banda lililowekewa wavu, apakwe dawa ya kufukuza wadudu, na atolewe kunapopambazuka, si kabla. Mpandaji hubaki na nafasi nyembamba kati ya saa ya usubi na saa ya jua kali. Kilomita 40 huingia katika nafasi hiyo. Kilomita 80 haziingii.

Ni haki kuongeza kuwa nchi hii haikosi mifano ya kuheshimu umbali mdogo. Maralal, katika Kaunti ya Samburu, mashindano ya ngamia yaliyoanza mwaka wa 1990 yamekuwa na mbio za kilomita 42 kwa wenye ujuzi na nyingine fupi zaidi kwa wasio na uzoefu, ambapo mgeni hukodi ngamia na mwongozaji wake asubuhi hiyo hiyo. Wengi huenda Maralal kwa ajili ya zile fupi. Lamu, mbio za punda hupita kando ya bahari kwa muda usiotosha kunywea kikombe cha kahawa, na bado mji mzima hutoka kushangilia. Huko Lamu, isitoshe, kuna hospitali ya punda iliyofunguliwa mwaka wa 1987, na watoto waliokua karibu nayo wanajua kuwa kidonda cha mgongoni hutokana na mizigo mibaya wala si uvivu wa mnyama. Shukrani ya punda ni mateke, wasemavyo wahenga, ingawa punda mwenyewe hajapata kuulizwa upande wake wa kesi.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Wapo wanaodai kuwa safari fupi ni hatari zaidi, kwa sababu mpandaji anajua itakwisha upesi na hivyo humpigisha farasi shoti tangu mwanzo. Wana hoja. Yaliyotokea katika nchi za Ghuba yanathibitisha kuwa kasi huua pengine kuliko umbali. Kwenye njia tambarare za mchanga uliolainishwa kwa mashine, farasi walikimbizwa kwa mwendo ambao waasisi wa mchezo huu hawakuuwaza, na visa vya kuvunjika miguu na vifo vikaongezeka hadi shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, likalisimamisha shirikisho la Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka wa 2015. Huko huko, katika kijiji cha michezo cha Bouthib, Abu Dhabi, Sheikh Sultan bin Zayed Al Nahyan aliweka kanuni za kwake: kasi isizidi kilomita 20 kwa saa, na mapigo ya moyo yashuke hadi 56. Farasi wengi zaidi wakaanza kumaliza safari wakiwa wazima.

Hata penye nia njema, hali ya hewa ina neno la mwisho. Septemba 2018, mashindano ya dunia yaliyofanyika Tryon, Marekani, yalisimamishwa farasi wakiwa tayari njiani kwa sababu ya joto na unyevunyevu. Waliokuwepo walikuwa farasi bora, wakiwa na madaktari bora.

Basi umbali mfupi peke yake hautoshi. Unapaswa kwenda pamoja na ukomo wa kasi. Kwa nyanda za Voi, kilomita nane hadi kumi kwa saa, mapumziko yakiwemo, ni kiwango ambacho farasi aliyeandaliwa kwa miezi mitatu au minne anaweza kukimudu bila kuteswa. Maandalizi hayo huanza kwa mwendo wa hatua tu. Moyo na mapafu ya farasi hupata nguvu kwa wiki chache, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Mpandaji anayehisi farasi ana pumzi tele na kuamua kuongeza mwendo hujikuta na mnyama mwenye moyo imara juu ya miguu isiyokuwa tayari.

Mpandaji naye hujitayarisha. Asiyezoea kukaa juu ya tandiko kwa saa nne ataanza kuegemea upande mmoja kabla ya safari kwisha, na uzito ulioegemea upande mmoja huumiza mgongo wa farasi hata kama ni mdogo. Wapandaji wazoefu hushuka kwenye miteremko na kutembea kando ya mnyama. Huo ni msaada mkubwa, na pia ni fursa ya kutazama. Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro huonekana kutoka upande wa Maktau ikiwa imeelea hewani bila miguu, na kufikia saa nne huwa imekwisha kujifunika. Anayewahi kilomita 80 hana muda wa kusimama kuitazama.

Njia yenyewe ndiyo kazi kubwa zaidi ya mwandalizi. Barabara za ndani ya mashamba ya mkonge ya Mwatate zina faida ya kuonekana mbali, jambo ambalo ni muhimu kwa kuwa ndovu huvuka huko wakitafuta maji, na farasi aliyemgundua ndovu ghafla hamwombi mpandaji ushauri. Idhini ya mwenye shamba na mawasiliano na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni mambo ya kufanywa siku kadhaa kabla. Maji ya farasi yanapaswa kusubiri kila baada ya kilomita kumi hivi, pamoja na chumvi, na kusiwe na haja ya kuwania birika la mifugo ya wenyeji. Katika kaunti ambako kina mama hutembea kilomita kadhaa na mitungi, msafara wa farasi 20 unaomaliza maji ya kisima cha kijiji hautakaribishwa mara ya pili, na hautastahili kukaribishwa.

Mwisho wa safari farasi humwagiwa maji, hufutwa, humwagiwa tena. Hupewa maji ya kunywa kwa kiasi anachotaka, na nyasi kabla ya nafaka. Daktari humpima mara moja akifika na mara nyingine jioni, kwa sababu msokoto wa tumbo hupenda kujitokeza saa kadhaa baada ya watu kupongezana. Saisi mzuri huamka usiku kuhesabu marundo ya samadi bandani. Asubuhi ya pili farasi hutolewa nje akakimbizwa kidogo kwenye ardhi ngumu, miguu ikapapaswa kutafuta joto au uvimbe. Akiwa amemaliza nyasi zake, anakwenda sawa na anamsogelea mtu badala ya kugeukia ukuta, hupewa siku kadhaa za kupumzika kabla ya kuwekewa tandiko tena.